Jumatatu, Bendi Ileile, Chumba Kilekile

SALUM: Karibuni. Leo tupo Seventh Avenue South, New York, kwenye ukumbi wa chini ya ardhi uitwao Village Vanguard. Jumatatu ya tarehe 7 Februari 1966, bendi ya mpiga tarumbeta na mtunzi Thad Jones na mpiga dramu Mel Lewis ilipanda jukwaani pale, na tangu hapo Jumatatu ikawa yake. Siku hizi inaitwa Vanguard Jazz Orchestra.

NEEMA: Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Morogoro, tuweke sawa jambo moja. "Jazz" hii si ile ya NUTA Jazz au Morogoro Jazz, waliokuwa wakipiga dansi la magitaa. Hapa kuna watu 16: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, besi na dramu. Ila bendi kukaa ukumbi mmoja tunakujua vizuri. Mlimani Park ilipata jina lake kwenye baa iliyokuwa ikipiga.

SALUM: Na kwa nini Jumatatu, dada Neema?

NEEMA: Wapigaji wake wengi walikuwa watu wa studio, kazi zimewabana wiki nzima. Jumatatu vilabu hupooza, kwa hiyo mwenye ukumbi, Max Gordon, hakuwa na cha kupoteza. Nyimbo za kuanzia zilikuwa tayari: Thad alikuwa amemwandikia Count Basie, kiongozi wa bendi kubwa maarufu, mipangilio kadhaa, yaani noti za kila chombo, Basie akaona hailingani na bendi yake. Ikawa ndiyo mbegu.

SALUM: Hailingani kwa sababu gani hasa?

NEEMA: Sauti zake zimesongamana. Chukua saksafoni 5, yaani alto mbili, tena mbili na baritoni moja, kwenye kodi ya G7 (noti kadhaa zinazopigwa pamoja juu ya G) iliyotiwa viungo. Baritoni anashika G chini. Tena wa pili F, tena wa kwanza B-flati, alto wa pili B, alto wa kwanza E juu. Sasa angalia katikati: B-flati na B zimepishana nusu toni tu, na zote zinalia kwa wakati mmoja.

SALUM: Hapo ndipo bendi nyingi changa huharibikiwa.

NEEMA: Hapo hapo. Tena wa kwanza anasikia msuguano, anadhani kakosea, anapunguza pumzi. Au anashusha sauti kwa midomo ili ikae mbali na ya jirani. Inabaki G7 ya kawaida; pilipili yote imetoka. Dawa yake ni hii: baritoni na tena wa kwanza wapige wawili tu, G na B-flati. Inasikika kama huzuni, haina ugomvi wowote. Kisha baritoni na alto wa pili, G na B. Inachangamka. Kila mmoja akishaijua noti yake dhidi ya ile G ya chini, wapige wote watatu, kwa nguvu sawa. Ndipo waingie F na E.

SALUM: Na wasikubali kuanza na sauti zote tano kwa pamoja. Ukianza hivyo, saa nzima utakuwa unatafuta kosa usilojua liko kwa nani. Tuje kwenye kukaa. Alto wa kwanza anakaa katikati ya safu ya mbele, tromboni ya kwanza nyuma yake, tarumbeta ya kwanza nyuma zaidi. Viongozi watatu kwenye mstari mmoja wanasikiana bila kugeuza shingo. Baritoni na tromboni ya besi wawe upande mmoja, maana mara nyingi wanabeba noti za chini pamoja.

NEEMA: Na mpiga besi asimame karibu na toazi la dramu. Wakitenganishwa, mwendo unayumba.

SALUM: Mel Lewis alikuwa mwalimu wa hilo. Alipiga bendi kubwa kama anavyopiga bendi ya watu wanne: toazi linatembea, dramu kubwa inaguswa tu. Hakugonga kila pigo la tarumbeta. Alichagua machache, akayaandalia njia, akanyamaza. Chumba chenyewe kilimsaidia, kwa kuwa ni kidogo, watu 123 tu, na kimebana upande mmoja kama kipande cha keki. Mpiga dramu akipaza, piano inapotea, tarumbeta zinalazimisha, sauti zao zinapanda juu ya 440, kipimo cha kutyunia noti ya A. Pia chumba kikipata joto la watu, vyombo vya kupuliza vinazidi kupanda. Ndiyo maana kutyuni mara moja mlangoni hakutoshi. Puliza dakika 10 kwanza, kisha kagua tena seti ya pili inapoanza.

NEEMA: Mimi napenda tuseme pia kuhusu mwisho wa noti, kwa sababu husahaulika. Noti ya mapigo mawili inayoanza kwenye pigo la 1 ikatwe kwenye pigo la 3 kamili. Wapuliza 13 wakikata kila mtu kwa wakati wake, unabaki mkia mrefu. Tarumbeta ya kwanza anaamua, wengine wanaandika kwa penseli. Kalamu ya wino marufuku: kesho uamuzi unaweza kubadilika.

SALUM: Bendi ilibaki vipi baada ya waanzilishi?

NEEMA: Thad alihamia Copenhagen mwaka 1979. Mel akaendelea hadi alipofariki Februari 1990. Wapigaji wakaamua wasivunje. Na hawakufanya jumba la makumbusho: Bob Brookmeyer, aliyekuwemo tangu mwanzo, alikuwa amerudi baada ya Thad kuondoka, akaandika muziki mgumu kuliko wa Thad, kisha mtunzi Jim McNeely akaendeleza. Mpangilio mpya ukipigwa Jumatatu hii, kasoro zinarekebishwa, unarudi Jumatatu ijayo. Bendi ya safari haina nafasi hiyo.

SALUM: Karatasi je? Nyimbo 200 kwa watu 16 ni karatasi 3,200, kabla ya kurasa za ziada.

NEEMA: Kila wimbo una namba, kila kiti kina jalada lake, na jalada halitoki na mpigaji kwenda nyumbani. Mbadala akija, anakaa kiti kilekile na kusoma alama za penseli za mwenye kiti. Ikipotea karatasi ya tarumbeta ya tatu, usiseme ataotea. Pengine ndiye mwenye ile noti ya msuguano. Wimbo huo usipigwe usiku huo.