Jina Analoipa Ndege Asiyeiunda

Ndugu zangu wa Mtwara, walimu wenzangu na vijana wa sekondari, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: majina ya msimbo ambayo NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliyapa ndege za Kisovieti ni majina ya upande wa pili, na anayeyaandika kana kwamba ni ya waliounda ndege hizo anapotosha historia.

Tuanze na mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani na washirika wao wakipigana na Wajapani. Wajapani walizitaja ndege zao kwa mwaka wa kalenda yao ya kifalme, hivyo zile za mwaka 1937, ambao kwao ulikuwa 2597, ziliitwa Aina ya 97. Shida ni kwamba ndege ya mapigano ya jeshi la nchi kavu ilikuwa Aina ya 97, ndege nzito ya mabomu ya jeshi hilohilo ilikuwa Aina ya 97, na ndege ya mashambulizi ya wanamaji, iliyoruka kutoka kwenye meli, ilikuwa Aina ya 97 pia. Askari aliyeletewa taarifa hiyo redioni angejiandaa kukabili ipi? Ndipo Kapteni Frank McCoy, Mmarekani wa Tennessee aliyekuwa Australia katika ujasusi wa anga, alipoamua pamoja na wenzake kwamba ndege za mapigano zipewe majina ya wanaume na za mabomu majina ya wanawake. Zile tatu zikawa Nate, Sally na Kate. Jina Hap, la ndege nyingine ya Kijapani, lilipogongana na lakabu ya Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, likageuzwa kuwa Hamp.

Mtaniambia kwamba utaratibu wa NATO ni tofauti. Ni kweli, lakini haja ni ileile. Herufi ya kwanza hutaja kazi: F mapigano, B mabomu, C usafirishaji. Silabi moja, kwa matamshi ya Kiingereza, huonyesha pangaboi, mbili huonyesha jeti. Ndiyo maana Tu-95, ndege ya mabomu ya pangaboi, ni Bear na MiG-21, ndege ya mapigano ya jeti, ni Fishbed. Helikopta huanza na H, na kanuni ya silabi haizihusu.

Sasa Vita vya Kagera, kati yetu na Uganda ya Idi Amin. Machi 1979 Libya, iliyomuunga mkono Amin, ilituma Tu-22 kushambulia Mwanza. NATO huiita Blinder, yaani ndege ya mabomu yenye injini za jeti, ila jina hilo halikutoka kwa Wasovieti walioiunda, wala kwa Walibya walioirusha, wala kwetu tuliolengwa. Kijana wa Masasi au Nachingwea anayeandika habari za vita vile aandike Tu-22 kwanza, kisha amweleze msomaji Blinder ni jina lililotolewa na nani.