Degedege la Kichanga Lisilosikia Dawa

Wauguzi, wakunga na matabibu wenzangu wa Tabora, asanteni kwa kuja.

Kichanga akiletwa kwa rufaa kutoka Sikonge au Urambo ana degedege, mara nyingi chanzo tunakijua: alichelewa kulia, ana maambukizi, au sukari imeshuka. Mnapima sukari, mnaanza fenobabitali, dawa ya kutuliza degedege, miligramu 20 kwa kilo. Hapo sina la kuwafundisha.

Nataka tumzungumzie yule aliyezaliwa akilia vizuri, sukari iko sawa, fenobabitali mmerudia, na bado anatafunatafuna midomo, macho yameganda upande mmoja. Huyo tusimwandikie tu kwamba alikosa hewa.

Mwaka 1954 madaktari wa Marekani waliripoti kichanga ambaye degedege lake lilitulizwa na pairidoksini, yaani vitamini B6. Sababu ilijulikana 2006: jeni ALDH7A1 ina hitilafu, mwili unashindwa kumaliza kuivunja lisini, kirutubishi kilichomo kwenye protini, hata ya maziwa ya mama. Mabaki yake huinasa B6, na bila B6 ubongo hautengenezi GABA, kemikali yake, ya kutosha kutuliza neva.

Ugonjwa huu ni adimu, lakini dawa yake ni vidonge vilevile wanavyopewa wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi! Inaniuma kufikiri mtoto anaweza kufa wodini na dawa iko kliniki ya jirani. Pasipo sindano, sageni kidonge, mkipitishe kwenye mrija wa kulishia: miligramu 30 kwa kilo kwa siku, mkigawa mara mbili, kwa siku 3 hadi 7. Msikate tamaa siku ya kwanza. Kwa sindano ni miligramu 100 mshipani. Hapo mtoto anaweza kuacha kupumua, basi mfuko wa kupumulishia uwe mkononi kabla hamjachoma.

Halafu kaeni na mama. Je, alimsikia mtoto akishtukashtuka tumboni kuliko kawaida? Amewahi kuzika kichanga mwingine mwenye degedege? Yeye na mumewe wana undugu wa damu? Ulizeni kwa upole, bibi naye awepo, maana ndiye mwenye kumbukumbu za ukoo. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba hitilafu hii, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu.

Mtoto akitulia, dozi iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Mama aelezwe kwamba vidonge ni vya maisha: vikiachwa, degedege hurudi baada ya siku au wiki chache, hata kama mtoto anaonekana mzima.