Dansi Jumuishi: Mchezaji Mwenye Ulemavu wa Akili na Kazi Yake

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, wazazi na walezi, walimu wenzangu wa sanaa, pamoja nanyi wachezaji: nawasalimu, na nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie dansi inayowakutanisha jukwaani watu wazima wenye ulemavu wa akili na wenzao wasio na ulemavu huo. Hoja yangu ni moja, kwamba tuwachukulie kuwa wachezaji, yaani watu wanaofanya kazi ya sanaa yenye mazoezi, viwango, maamuzi na malipo. Tumezoea mno kuwaona kama wagonjwa wanaoliwazwa, au kama watoto wanaochangamsha hafla ya wakubwa, hata pale ambapo huyo tunayemwita mtoto ametimiza miaka 35.

Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, vikundi huletwa uwanjani kwa basi, huvalishwa fulana za rangi moja, hucheza wimbo mmoja mbele ya jukwaa kuu, hupigiwa makofi marefu, kisha hurudi nyumbani hadi mwaka unaofuata. Siyabezi makofi hayo, kwa kuwa anayepigiwa huyafurahia na ana haki ya kuyafurahia. Lakini makofi yanayoanza kabla mchezaji hajainua mguu hayamwambii lolote kuhusu mguu wake. Mtu aliyejifunza kwa miezi kadhaa kugeuka sambamba na wenzake anastahili mtazamaji anayeona kwamba amegeuka kwa wakati, na anayeona pia siku aliyochelewa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kukuza na kutumia uwezo wao wa ubunifu na sanaa, kwa manufaa yao wenyewe na pia kwa kuistawisha jamii. Naomba wazazi waitilie maanani sehemu hiyo ya pili. Kwa ninavyouelewa mkataba huu, jamii inayokosa kuwaona watu hawa jukwaani nayo imepungukiwa.

Haki hiyo hupatikana au hupotea katika chumba cha mazoezi, na huko ndiko ninakotaka tukae zaidi. Mwalimu hana budi kuujua mwili anaoufundisha. Watu wengi wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, huzaliwa na misuli iliyolegea na viungo vinavyopinda kupita kawaida. Hali hiyo humpa mchezaji ulaini ambao wengine huutafuta kwa miaka, lakini mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo inaweza kukosa uthabiti, na kwa hiyo sarakasi za kupinduka au kubiringika kwa kichwa zisiguswe mpaka daktari amchunguze. Takriban nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Mwalimu anayepanga mazoezi saa nane mchana, katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, bila maji wala mapumziko, anahatarisha maisha ya watu. Haya si ya kututia woga, kwani mwalimu makini humuuliza mchezaji yeyote kuhusu goti lake kabla ya kumtaka aruke.

Kuhusu kujifunza, wengi wao hushika upesi zaidi kile wanachokiona kuliko kile wanachoelezwa. Basi mwalimu apunguze maneno, aoneshe hatua, arudie, na afuate mpangilio uleule kila siku ili mchezaji ajue kinachofuata bila kuambiwa. Hapa ngoma zetu zimetutangulia. Katika ngoma nyingi mpigaji hubadilisha pigo na wachezaji wote hubadilisha hatua, wala hakuna anayehesabu moja hadi nane. Katika bugobogobo ya Wasukuma, ngoma inayochezwa kwa majembe, jembe likiwa juu mkono unajua unakoelekea. Katika mdundiko wa Wazaramo, ambao wengi wetu tuliufuata mitaani utotoni, kundi husonga mbele na anayejiunga huchukuliwa na mwendo wa wenzake.

Linaloniuma ni kumwona mwalimu amesimama pembeni mwa jukwaa akipunga mikono onesho zima, huku wachezaji wote wamemkodolea macho. Wamefundishwa kumtegemea yeye, na mtazamaji anaondoka akidhani hawawezi kukumbuka. Ishara zihamishiwe kwenye ngoma na kwa wenzao wa jukwaani. Naye mchezaji asiye na ulemavu asimvute mwenzake mkono. Afadhali yeye ndiye asubiri. Katika kikundi ninachokifundisha, mchezaji mmoja mwenye ulemavu wa akili alipewa jukumu la kuanzisha sehemu ya mwisho, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea kabla yake. Alisimama kimya kwa muda ambao mimi nisingethubutu kuupanga. Wenzake walilazimika kumsikiliza kwa mwili mzima, na sehemu hiyo ikawa bora kuliko zote nilizozitunga.

Kwingineko kazi hii ina historia. Kundi la dansi la Corali la London lilianza mwaka 1989, na kundi la maigizo la Theater HORA la Zürich, Uswisi, mwaka 1993. Mwaka 2012 wasanii wa HORA walicheza kazi ya mtunzi wa dansi Mfaransa Jérôme Bel iitwayo Disabled Theater, na mwaka uliofuata mmoja wao, Julia Häusermann, mwenye sindromu ya Down, alitunukiwa mjini Berlin tuzo ya Alfred Kerr, inayotolewa kwa waigizaji vijana. Kazi hiyo ilizua mabishano: je, wasanii hawa wanajionesha, au wanaoneshwa? Nayapenda mabishano hayo, kwa sababu ndivyo watu wanavyobishana juu ya sanaa. Onesho letu la tarehe 3 Desemba hakuna anayelibishia.

Swali hilo hutuleta kwenye ridhaa. Saini ya mzazi haitoshi. Mchezaji mtu mzima aulizwe mwenyewe, kwa maneno mepesi na picha, aoneshwe video ya mazoezi, aulizwe tena siku nyingine, na akisema leo hataki, jibu lake likubaliwe bila kubembelezwa.

Halafu kuna fedha. Nauli ya daladala ya mchezaji na msindikizaji wake si malipo. Ni gharama ya onesho kama zilivyo gharama za taa na spika. Kama mpiga ngoma analipwa, mchezaji naye alipwe kwa kiwango kilekile, kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake kila inapowezekana. Waandaaji mliopo, liandikeni jambo hili kwenye bajeti kabla ya kukodi ukumbi, kwa maana fedha zikipungua katikati ya safari, fungu hili ndilo hukatwa kwanza.