Bibi Hajar Alikunywa Kwanza

Mhadhara kwa akina mama wa Ujiji, Kigoma, baada ya swala ya Alasiri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mlioamkia Kibirizi kuanika dagaa nawasamehe, sauti zimebaki huko. Ninyi wengine itikieni tena. Naam, hapo sawa.

Walionizoea wanajua leo nitakwenda wapi, na nawaona wengine wameshaanza kunong'ona. Ndiyo, ni yale yale ya kulea na kuuguza. Nitayasema mpaka mnizike, kwa sababu bado wanakuja kwangu wanawake wazima, wenye akili zao, wananiambia: "Mwalimu, nikimaliza kulea nitashika dini."

Ukimaliza kulea! Kitinda mimba akianza kuota ndevu, wa kwanza anakuletea mjukuu. Mjukuu akipelekwa chekechea, mama mkwe anaanguka bafuni. Mama mkwe akitangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ni wewe sasa unayeshikwa mkono kupelekwa chooni. Hiyo dini utaishika saa ngapi? Umeiweka ng'ambo ya mto, na mto wenyewe haukauki.

Yupo mmoja kati yetu, simtaji, na msianze kugeuza shingo. Mama mkwe wake alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno yamempotea. Anamwita mkaza mwanawe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na yule binti anaitika "abee." Hamsahihishi. Kila baada ya saa mbili anamgeuza, kulia, chali, kushoto, na mto anauweka katikati ya magoti ili mifupa isisuguane. Usiku pia. Maana mgonjwa asiyeweza kujigeuza ukimwacha ubavu mmoja, ngozi inakufa pale penye mfupa, kwenye nyonga, kwenye kisigino, mwisho wa uti wa mgongo, na kidonda cha namna hiyo kikishafunguka kukiponya ni kazi. Uji anampa akiwa amemwinua mgongo kwa mito. Kijiko kimoja, anaangalia koo, anasubiri lipande lishuke, ndipo cha pili. Ukimnywesha amelala, uji unaingia njia ya hewa, na hapo umemletea maradhi mengine. Bakuli moja la uji linakula asubuhi yote. Halafu kufua mashuka. Halafu watoto wamerudi shule wanauliza kuna nini cha kula.

Huyu ndiye aliyekuja kwangu analia. "Mwalimu, dini yangu imekufa. Mfungo mzima sikukhitimu Qur'ani. Swala za tarawehe nilizisikia kwa spika tu."

Nikamuuliza, bibi ana kidonda? Akasema hana. Hata kimoja? Hata kimoja. Nikamwambia rudi nyumbani ulale. Ile zawadi tunayowapa waliokhitimu, leso na sabuni, ningekuwa na amri ningempelekea yeye.

Najua kuna mtu ameshakunja uso. "Mwalimu anawafundisha watu kwamba kupika ni swala." Sijasema hivyo! Faradhi ni faradhi. Usije ukaniambia Adhuhuri ilikupita kwa sababu maharage yalikuwa jikoni na mwalimu alisema maharage ni ibada. Ninachosema ni hiki: yule aliyeweka faradhi ndiye huyo huyo aliyeuona mkono wako. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wakihofia afya wameruhusiwa kufungua, halafu kuna hukumu zake za kulipa, mtaziuliza. Aliyewapa ruhusa hiyo alikuwa anajua mko wapi. Hamkujificha.

Sasa tuje kwa mama yetu Hajar. Msichoke, hii naipenda.

Mnaijua kisa, lakini mnaijua juu juu. Ipo ndefu katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, kwa mapokezi ya sahaba Ibn Abbas. Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, amemleta mke wake na mtoto mchanga, Ismail, bado ananyonya, mpaka bonde lile la Makka. Siku hizo hakuna mtu, hakuna maji. Anawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji. Anageuka anaondoka. Hajar anamfuata nyuma, "Ibrahim, unakwenda wapi, unatuacha bonde lisilo na mtu wala kitu?" Anauliza tena na tena, Ibrahim hageuki. Mwisho anauliza swali lingine: "Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuamuru hivi?" Anasema ndiyo. "Basi hatatupoteza."

Hapa ndipo masheikh wetu wanaposimama, wanasema mmeona tawakkul, kumtegemea Mungu, mmeona subira, takbir! Wanashuka kwenye mimbari. Jamani, kisa hakijaanza! Kusema "hatatupoteza" kuna maji kwenye kiriba ni jambo moja. Endeleeni kusoma.

Maji yakaisha. Mtoto ana kiu, anajinyonganyonga chini. Kitabu kinasema akaondoka kwa sababu hakuweza kumtazama. Wangapi humu mmewahi kutoka chumbani ukasimama uani, si kwa sababu humpendi mgonjwa, ila macho yamekataa? Mnainamisha vichwa. Haya, inueni, mama wa Ismail naye alitoka. Lakini alitoka akaenda wapi? Akapanda Safa, kilima kilichokuwa karibu. Akatazama kama ataona mtu. Hakuona. Akashuka, alipofika bondeni akakusanya pindo la nguo yake akakimbia, mbio za mtu aliyefikwa. Akapanda Marwa. Akatazama. Hakuna. Akarudi. Mara saba. Kutoka Safa mpaka Marwa ni kama mita 450, hesabuni wenyewe, na jua la kule si hili la kwetu lenye upepo wa ziwa.

Katika zile mara saba hatuambiwi aliswali rakaa ngapi. Hatuambiwi alikaa akavuta uradi. Alikuwa anatafuta maji ya mtoto. Mwanamke mmoja, hana shahidi, hana spika, pindo mkononi. Na Mwenyezi Mungu akalichukua lile, hangaiko la mama, akalifanya nguzo ya hijja. Someni Baqara aya ya 158, Safa na Marwa ni katika alama za Mwenyezi Mungu. Kwa madhhabu yetu ya Shafii, asiyefanya sa'yi, huko kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, hijja yake haijatimia. Mfalme anakwenda, sheikh mwenye kilemba anakwenda, daktari na mvuvi wa hapa Katonga wanakwenda, wote wanapita njia ya mama aliyekuwa anatafutia mtoto maji.

Tena sikilizeni. Pale bondeni alipokimbia pamewekwa taa za kijani. Mahujaji wakifika hapo, wanaume ndio wanaosuniwa kukimbia. Wanawake wanatembea. Mwanamume na kitambi chake anatoka jasho, mkewe anapita pembeni taratibu! (Kicheko.) Bibi Hajar alishawakimbilia.

Na akirudi haji wetu hapa Ujiji na kidumu chake cha lita 5, tunagombania kale kakombe ka Zamzam, tunaelekea kibla, tunaomba dua. Halafu kesho yake yule yule aliyekunywa anamwambia mke wake, "Wewe kazi yako nini, unashinda nyumbani tu."

Mwacheni mtoto alie. Mama, usimtoe nje. Kaa, kaa. Mnamwangalia kwa jicho gani? Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa anaingia kwenye swala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Imam wa mitume anafupisha swala ya jamaa nzima, na ninyi mnamtolea macho mwenzenu kwa sababu ya mhadhara wangu? Mpe ziwa, mama, tunaendelea.

Nilikuwa wapi? Marwa. Mara ya saba anasikia sauti. Anajiambia mwenyewe, "Nyamaza," ili asikie vizuri. Anatega sikio tena. Anatazama, ni malaika, pale pale alipo mtoto, anachimbua ardhi mpaka maji yanatoka. Hajar anafanya nini? Wengine tungezimia. Yeye anaanza kuyazungushia udongo kwa mikono, anatengeneza kingo, huku anachota anatia kwenye kiriba. Mtume amesema Mungu amrehemu mama wa Ismail, angaliyaacha yangekuwa chemchemi inayotiririka. Mama hakuyaacha. Mwenye nyumba anajua, maji yakitoka kwanza unakinga ndoo. Mnacheka, lakini bomba likitoka usiku wa manane nani anaamka?

Halafu yanakuja maneno ambayo kwa ajili yake nimewaweka hapa mpaka sasa. Mapokezi yanasema: akanywa, akamnyonyesha mwanawe.

Akanywa. Akamnyonyesha.

Mtoto ndiye aliyekuwa anakufa kiu, na mama alikunywa kwanza! Kwa sababu maziwa hayatoki kwenye mwili uliokauka. Hakuna malaika aliyemwambia una ubinafsi. Malaika alimwambia msiogope kupotea.

Sasa wale mtakaosema, "Mwalimu anatupamba na pepo ili tuendelee kuchoka," jibu lenu liko hapo. Mimi sikusema mchoke. Nimemsikia mtu anamsifu mwanamke, "Huyu hajalala, hajala, yuko na mgonjwa tu, mtu wa peponi huyu," na anayesifu ni shemeji yake, amekuja kumjulia hali mgonjwa kwa nusu saa, kala, kaondoka. Unamsifu ili usimpokee zamu! Mlete huyo shemeji, aoneshwe namna ya kumgeuza mgonjwa, alale pale siku moja. Bibi Hajar aliachwa jangwani kwa amri ya Mungu. Wewe umemwacha mkeo kwa amri ya nani, na ndugu zako wote wako hapa, Mwanga, Gungu, mpaka Kasulu?

Anayeuguza anakula. Analala. Mgonjwa akipata zamu ya mtu mwingine, wewe usikae ukafua, lala. Na mgonjwa wako akipimwa presha kliniki, toa na wewe mkono wako upimwe.

Muda unakimbia, nilikuwa na mengi, nitayapitia upesi.

Mama wa Musa. Surat al-Qasas aya ya 7, Mwenyezi Mungu anamletea ilhamu mwanamke ambaye mwanawe anawindwa na Firauni, na amri ya kwanza ni "mnyonyeshe." Kabla ya mto, kabla ya sanduku. Nendeni mkaisome wenyewe.

Bibi Fatuma, binti wa Mtume. Hapa nina ugomvi kidogo. Anakwenda kwa baba yake, mikono imechubuka kwa jiwe la kusagia, anaomba mtumishi, anafundishwa tasbihi (Subhanallah) 33, tahmidi (Alhamdulillah) 33, takbira (Allahu akbar) 34 wakati wa kulala. Mnaitumia hadithi hii kumnyamazisha mwanamke: "Soma tasbihi, vumilia." Lakini tazameni, Mtume hakutuma mtu na jibu. Alikwenda mwenyewe, usiku, binti na mumewe Ali wameshalala, akaketi katikati yao. Na aliwafundisha wawili. Sayyidna Ali anasema hajaziacha tangu siku ile. Ninyi waume zenu wanazo? Haya.

Na ninyi wanaume mliokaa barazani mkijifanya mnasubiri Magharibi, nawaona, masikio yako huku. Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliulizwa, Mtume alikuwa anafanya nini nyumbani? Akasema alikuwa katika kazi za watu wake, swala ikifika anatoka. Kipindi cha mbalamwezi hamwendi ziwani, mko nyumbani mnacheza bao. Beseni mnaliona lilipo.

Nia sijaigusa, na mabinti wanaolea wadogo zao sijawagusa. Itakuwa Alhamisi, inshallah.

Jambo la mwisho ni la daftari. Liko mlangoni, kwa binti wa madrasa aliyevaa ushungi mweupe. Mwenye mgonjwa nyumbani aandikishe mtaa wake na siku anayotaka kupokewa, upande wa kushoto. Mwenye nafasi ya kwenda kumpokea mwenzake aandike upande wa kulia. Mwaka jana upande wa kushoto ulijaa, kulia kulikuwa na majina ya watu wale wale, tena wazee. Safari hii upande wa kulia usipojaa, Alhamisi hakuna mhadhara, nitapita nyumba kwa nyumba na daftari langu, na nyumba zenu nazijua.

Na aliyeondoka na kandambili za bluu darasa lililopita azirudishe, mwenyewe anazo nyekundu mpaka leo.

Subhanaka Allahumma wabihamdika. Simameni tujiandae na swala.