Nionyeshe fasi: mtoto asome, ajibu, atoe shahidi

Jambo walimu, jambo wazazi. Karibuni tena darasani kwetu, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Hiyo kelele mnayoisikia nyuma yangu ni mvua juu ya mabati, basi nitapaza sauti.

Mtoto wa mwaka wa pili au wa tatu amesoma hadithi, umemuuliza swali, amejibu. Leo tunataka atuonyeshe fasi, yaani mahali, alipolitoa jibu. Wengi wetu tunakomea kwenye jibu. Likiwa sawa, darasa linapiga makofi, tunasonga mbele, kumbe mtoto amebahatisha au amesikia kwa jirani.

Tayarisha hadithi fupi, sentensi sita au saba. Mimi nina watoto 57 na vitabu havitoshi, kwa hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa upande wa ndani wa mfuko wa saruji, nao waliinakili daftarini jana. Tafuta pia mawe madogo, moja kwa kila watoto wawili. Hapa kwetu hayanunuliwi: volkano ya Nyiragongo ilituletea mpaka ndani ya mji tarehe 17 Januari 2002. Liwe na ukubwa wa harage. Likizidi hapo linafunika mstari mzima.

Hadithi yetu ni hii, nimeitunga mwenyewe (chukudu ni chombo chetu cha mti cha magurudumu mawili, cha kubebea mizigo):

“Baraka aliamka kabla ya jogoo. Alipakia magunia matatu ya viazi kwenye chukudu yake. Alipofika kwenye mteremko, njia ilikuwa na matope. Alishuka, akaishika chukudu kwa mikono miwili, akatembea polepole. Alipoingia sokoni, wamama walikuwa wanakunja turubai zao. Baraka aliketi juu ya gunia, akashika kichwa.”

Hatua ya kwanza: isome kwa sauti mara mbili, kidole kikifuata maneno. Usieleze chochote, maana ukieleza watajibu kutoka kwenye maelezo yako. Kisha waisome wao, wawili wawili.

Hatua ya pili, anza na swali jepesi. Baraka alipakia nini? Watapiga kelele: “Viazi!” Usisifu bado. Uliza: “Fasi gani? Nionyeshe fasi.” Kila wawili waweke jiwe chini ya sentensi yenye jibu. Wewe pita kati ya madawati ukitazama mawe, midomo iache. Mtoto anayeimba jibu pamoja na wenzake utamtambua mara moja, jiwe lake linazunguka tu halina pa kutua. Darasani kwangu jiwe hili linaitwa shahidi. Neno hilo wanalijua: wakigombana kwenye bomba la maji, swali la kwanza la mama ni nani aliona.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Uliza: kwenye mteremko, Baraka alifanya nini? Darasa zima litakujibu: “Alishuka mbio!” Nani wa Goma hajaona chukudu ikiteremka kutoka upande wa Kibumba, imejaa kabichi, mwenyewe amepiga goti juu yake, magurudumu ya mti yanalia? Watoto wamejibu walichokiona barabarani. Hadithi haikusema hivyo.

Sasa waambie waonyeshe fasi. Wataweka jiwe kwenye neno “alishuka”. Mara ya kwanza nilikwama hapo, nikawa nimesimama na chaki mkononi, kwa sababu shahidi wao ni wa kweli: neno lipo! Tatizo ni kwamba mtu hushuka mlima, na mtu hushuka pia kutoka juu ya chombo. Usiwape jibu. Sema tu: “Sogezeni jiwe, someni maneno yanayofuata.” Mikono miwili. Akatembea. Polepole. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliruka: “Mwalimu, iko natembea! Atashuka mbio namna gani na iko natembea?” Mwache aseme kwa Kiswahili cha nyumbani. Ukimkatiza umsahihishe sarufi, kesho hainui mkono, na hapo umepoteza mtoto aliyesoma vizuri kuliko wote.

Hatua ya nne ni jibu ambalo halikuandikwa waziwazi. Je, mvua ilikuwa imenyesha? Neno mvua halimo. Wataitafuta, watalalamika, kisha jiwe la kwanza litatua kwenye “matope”. Hapo andika ubaoni mwanzo wa sentensi: “Ninafikiri… kwa sababu hadithi inasema…” Kila atakayejibu aanzie hapo, hata kwa kigugumizi.

Endelea: mwishoni Baraka alijisikiaje? Wengine watasema amechoka, jiwe liko kwenye “kabla ya jogoo”. Wengine watasema ana huzuni, jiwe liko kwenye turubai zinazokunjwa, maana amefika soko linafungwa. Yakubali yote mawili. Kuna kijana aliniambia Baraka anaumwa kichwa. Alikuwa na shahidi wake pia, ameshika kichwa! Sikumwambia amekosa. Nilimuuliza kama anaweza kupata shahidi wa pili. Alitafuta mpaka kengele, hakumpata, akahamia upande wa waliosema amechoka. Nilifurahi kuliko angejibu sawa tangu mwanzo.

Hatua ya tano ni fupi. Uliza kitu ambacho hadithi haikukigusa kabisa: nani alimtengenezea Baraka chukudu? Watakutajia baba, mjomba, fundi wa mtaani kwao. Waulize fasi. Jiwe likibaki mkononi, jibu ni “hadithi haikusema”, nalo ni jibu kamili, mpe alama zake.

Wazazi, nyumbani hamhitaji mfuko wa saruji. Tangazo la kanisa au ujumbe wa shangazi kwenye simu unatosha, na harage litafanya kazi ya jiwe.

Walimu, jambo moja kabla sijazima kamera: kusanyeni mawe na kuyahesabu kabla ya mapumziko. Mimi wiki iliyopita nilipungukiwa na tisa, na yote tisa niliyasikia juu ya mabati ya darasa la jirani.