Mtoto Hajui Kwamba Yuko Likizo

Mwangaluka! Naona Wasukuma wa hapa Mwanza wameitika, na wahamiaji wamegeukiana kuulizana. Basi hamjambo wote. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa mliokuja na watoto. Yule anayelia pale nyuma asitolewe nje, tafadhali. Yeye ndiye mada yenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga likizo ya utulivu kisiwani pamoja na watoto wadogo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na nyumbani ninao watatu, kwa hiyo lile neno "utulivu" kwenye barua ya mwaliko nililisoma mara mbili nikidhani mwandishi ameteleza. (Kicheko.)

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, mimi na baba watoto tulipanga siku nne. Ya kwanza tufike kisiwa cha Ukerewe, humu Ziwa Victoria. Ya pili tuvuke kwenda kisiwa jirani cha Ukara tukaone lile jiwe linalocheza. Ya tatu tuzunguke vijijini kwa baiskeli. Ya nne turudi. Kwenye daftari ilipendeza sana. Mkubwa alikuwa na miaka mitano, wa kati mitatu, wa mwisho bado ananyonya. Asubuhi ya Ukara mwenye mtumbwi wa injini akatuambia "tunaondoka sasa hivi", na hiyo sasa hivi ikala saa mbili na nusu kwa sababu abiria hawajajaa. Wa kati akalala juani mgongoni kwangu, akaamka wakati wa kupanda, akagoma kupanda. Jiwe la Ukara sijaliona mpaka leo. Tulirudi Mwanza tumechoka kuliko tulivyoondoka, na baba watoto akaripoti kazini siku moja kabla ya likizo yake kwisha. Mwanamume wa Kitanzania kurudi kazini mapema! Mjue hali ilikuwa mbaya.

Tulikuwa tumepanga safari ya watu wazima wawili, halafu watoto tukawapakia kama mizigo. Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba yuko likizo. Tumbo lake linadai uji saa ileile linapoudai nyumbani Nyegezi au Buzuruga. Usingizi wake wa mchana hauombi ruhusa. Kwa hiyo leo sitawaanzishia na kisiwa wala bei ya chumba. Chukueni daftari, andikeni kwanza saa za mtoto wenu: anaamka lini, anakula lini, analala lini. Mtakachoona kimebaki ni vipande viwili vizuri vya siku: baada ya uji hadi kama saa tano asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni hadi jua kuzama. Kimoja kiwekeeni jambo moja. Kingine kiacheni wazi. Kisiwa kimoja, kitanda kilekile kila usiku, jambo moja kwa siku. Mwenye watoto wakubwa ataona ni uvivu. Aone tu.

Sasa visiwa. Ambaye hajawahi kuvuka maji na mtoto, aanze na Saanane. Mnaiona kutoka mjini, boti zinaondokea Capri Point, na ni mwendo wa dakika chache. Ilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Ina kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake, kwa hiyo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania. Jina ni la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla ya wanyama. Udogo huo ndio uzuri wake kwetu. Mtoto anaona swala pala, anaona pimbi wakiota jua juu ya miamba, unamwambia kwamba kale kanyama kana undugu na tembo, anakuita mwongo, na saa saba mko nyumbani amelala. Mkishindwa Saanane, mmeshindwa kwa nusu siku tu na hakuna chumba mlicholipia.

Kisiwa cha Rubondo ni habari nyingine. Ni hifadhi tangu 1977, ni msitu mkubwa, na wale sokwe mtu waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa humo. Siku hizi anayekwenda upande huo kwa gari anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ile foleni ya kivuko pamoja na mtoto anayetaka kukojoa imebaki hadithi. Lakini kumfuata sokwe msituni kwa saa nyingi si kazi ya mtoto wa miaka mitatu, na ufukweni kuna mamba na viboko. Subirini wakue.

Kwa siku tatu nne, mimi bado nasema Ukerewe, licha ya yaliyonikuta. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio, mji wa kisiwa hicho, ni kama saa tatu. Wengine hupitia Bunda hadi Kisorya na kumalizia kwa kivuko kifupi cha Rugezi. Machungwa tele, samaki fresh, na watu ambao mtoto akilia hawakukodolei macho.

Hapo dada mmoja ameshanyoosha mkono, najua anataka kusema Zanzibar. Sawa. Zanzibar ina jambo moja kubwa la kuwafaa wenye watoto, na nitalitaja sasa hivi. Ila mwenye kwenda aulize kwanza habari ya kupwa na kujaa. Paje na Jambiani maji yakikimbia yanakimbia kweli, unabaki na uwanja wa mchanga na vidimbwi vya kufika kifundoni. Wa miaka mitatu atafurahi sana, baba aliyekuja kuogelea atanuna. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo. Na saa za maji husogea kila siku kwa karibu dakika hamsini, msipange siku ya Ijumaa kwa saa za Jumatatu.

Lile jambo kubwa ni hili: bahari ya chumvi haina kichocho. Ziwa letu linacho.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Wengi tumekulia kwenye maji haya na tunasema "mbona sisi tuliogelea". Ndiyo, tuliogelea, na wengi wetu tuliugua bila kujua. Mayai hutoka na kinyesi cha mgonjwa, yakiingia majini yanaanguliwa, vimelea wanaingia kwa konokono wadogo, wanazaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha wanatoka kwa wingi kutafuta ngozi ya mtu. Wakiipata wanapenya kwa dakika chache. Mtoto hahitaji kunywa maji wala kuzama. Kusimama tu hadi magotini kunatosha. Ziwani kwetu kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Kile cha mkojo, chenye damu, mtakikuta zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga huko ndani Usukumani. Kwa hiyo mtu asiwaambie "mkojo wake ni safi, hana kichocho".

Wanaotoka kwa konokono huwa wengi zaidi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hivi hadi alasiri, yaani saa zilezile tunazowapeleka watoto ufukweni. Penye utulivu, matete na magugu maji, na kando ya mialo yenye watu wengi, ndipo pabaya zaidi. Lakini msidanganyike na ufukwe mweupe wenye upepo. Konokono wengine wa ziwa hili wanaishi hata kwenye kina.

Mimi mwenyewe, na elimu yangu hii, kwenye ile safari ya kwanza nilikaa kivulini namnyonyesha mdogo huku nikimsifu mkubwa kwa kuokota makombe mazuri na kuyapanga kwenye kindoo chake cha maji. Nusu saa nzima. Nilipokwenda kuangalia, yalikuwa makombe ya konokono, na yeye miguu imo majini muda wote.

Je, basi mtoto aende kisiwani akaangalie maji kama picha ukutani? Hapana. Safari ya pili tulifanya hivi. Kimelea akishatoka kwa konokono, asipompata mtu ndani ya siku mbili hivi anakufa. Nikampigia simu mama mwenye gesti, nikamwomba pipa lenye mfuniko. Maji yakachotwa, yakachujwa kwa kitambaa konokono asiingie, yakakaa siku mbili kabla hatujafika. Tukabeba karai kubwa la plastiki la bluu kutoka Mwanza, tukaliweka chini ya mwembe mita chache kutoka mchangani. Wakamwagiana, wakapika matope, wakaogesha mbuzi wa jirani. Penye maji ya kisima kirefu au bomba lenye dawa hata pipa halihitajiki. Ya kunywa yachemshwe vilevile, hayo ni mengine. Lile begi la midoli tulilonunua mjini halikufunguliwa, nami siku hizi sibebi midoli kabisa.

Na kama mtoto ameshaingia ziwani? Usimlete kliniki kesho yake, hatutaona kitu. Mayai huchukua wiki sita hadi nane au zaidi kuonekana chooni. Mlete baada ya miezi miwili, useme wazi alioga wapi. Mkumbuke pia kwamba dawa za kampeni ya kichocho mara nyingi hugawiwa shuleni, na mdogo wenu hayupo shuleni.

Sasa chombo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, na zaidi ya watu mia mbili wakafa. Humu ukumbini wapo waliozika, na sitaongeza maneno juu ya msiba wao. Kwa wengine nasema: chombo kikijaa, shukeni. Nauli ipotee. Mlango wa kumwambia mwenye chombo "tunashuka" uwe umeufungua tangu nyumbani, kwa kutopanga siku ambayo ni lazima mvuke.

Jaketi okozi la mtoto, ambalo wengi tunaliita boya, linakwenda kwa uzito wake, siyo kwa umri. La mtu mzima linamtoka kichwani akiingia majini. Liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mjaribisheni nyumbani, mnyanyueni kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, si lake. Sisi tulinunua, kwa sababu kwenye vyombo vingi vidogo utakuta ya watu wazima peke yake, tena yamefanywa matakia.

Saa ya kuvuka nayo ina maana. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unatoka pande zote kuelekea katikati, mawingu yanajengeka, ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku kuelekea alfajiri. Mchana upepo unageuka na mawimbi yanaongezeka. Kwa chombo kidogo, vukeni asubuhi baada ya kuona mbingu, mkiwa mmesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Juni hadi Septemba mvua ni chache. Watoto wa miaka miwili kwenda juu ndio hupata sana kichefuchefu cha mawimbi: waketi katikati ya chombo, watazame nchi kavu ya mbali, na kabla ya safari wale kidogo. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yanafaa kuliko chipsi.

Mengine nayapitisha haraka. Chandarua chenye dawa mbebe chenu, mtoto aingie humo giza likiingia. Homa yoyote mkirudi, hata baada ya wiki tatu, apimwe malaria. Kofia pana, kwa maana tuko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa linaunguza hata kukiwa na mawingu. Pakiti za ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, nne au tano.

Na kofia nyingine: sisi tunayo moja ya zamu. Anayeivaa ndiye mwenye macho kwa watoto, hashiki simu, hachambui samaki. Akichoka anamvisha mwenzake na kumwambia "zako". Mtoto anayezama hapigi kelele, mdomo wake umo majini. Watu wazima sita wakikaa ufukweni kila mmoja anadhani mwingine anaangalia.

Swali? Ndiyo, mama mwenye kitenge cha njano. ... Anauliza kama dada wa kazi naye aende.

Aende, lakini mkubaliane kwanza. Kama anakwenda kulea, hiyo kwake siyo likizo, basi mshahara uko palepale, awe na kitanda chake, na apewe nusu siku yake ya kutembea Nansio bila mtoto mgongoni. Jaketi lake mlinunue pamoja na ya watoto. Na mumwulize kama anajua kuogelea kabla hamjamvisha ile kofia. Mimi wangu nilimwuliza tukiwa tumeshafika katikati ya ziwa, amempakata mtoto. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hapana dada, kwetu ni Kongwa, Dodoma."