Tuhuma za Njama na Hesabu ya Faida katika Mashindano Madogo ya Poka ya Mtandaoni
Mhadhara uliotolewa Tabora

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu,

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo vijana wanaocheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana madau, kwenye simu hulilalamikia karibu kila wanapopoteza, yaani kwamba mezani palikuwa na watu waliokula njama. Njama zipo, na zimewahi kuthibitishwa, kama nitakavyoeleza baadaye. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba tuhuma ya njama ni jambo la kupigiwa hesabu kabla ya kutamkwa, na kwamba hesabu ileile inayotuonyesha mla njama anapata faida yake wapi ndiyo inayomwonyesha mchezaji mwaminifu ya kwake iko wapi. Kwa kuwa naona humu ukumbini nyuso za wanafunzi wa sekondari, niseme mapema kwamba nchini kwetu michezo hii inasimamiwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Waliokuja kwa ajili ya hesabu tu wabaki, kwani hesabu haiulizi umri.

Tuchukue shindano la kawaida la meza moja. Wachezaji 10 wanaketi, na kila mmoja analipa dola 5 na senti 50. Zile dola 5 zinaingia katika mfuko wa zawadi, na senti 50 zinabaki kwa kampuni kama ada. Mfuko unakuwa na dola 50, ambazo hugawiwa watatu wanaobaki mwisho: wa kwanza dola 25, wa pili 15, wa tatu 10. Chipu anazopewa kila mmoja mwanzoni, tuseme 1,500, hazibadilishwi kuwa fedha hata siku moja, kwa sababu kazi yake ni kumweka mtu mezani mpaka nafasi za zawadi zifikiwe. Naomba jambo hili tulishike vizuri, maana makosa mengi katika kutuhumu njama hutokana na mtu kuhesabu chipu kana kwamba ni shilingi.

Mchezaji ambaye uwezo wake ni sawa na wa wenzake atapata zawadi mara 30 katika mashindano 100. Atakuwa amelipa dola 550 na kurudishiwa dola 500, na hizo 50 zilizopungua ni ada, wala hakuna aliyemwibia. Ili asipate hasara inambidi afike kwenye zawadi mara 33. Akifika mara 36, nafasi zake zikigawanyika sawasawa kati ya ya kwanza, ya pili na ya tatu, anarudishiwa dola 600 na faida yake ni dola 50. Sasa tuseme wala njama wanampunguzia mara mbili tu katika hizo mia, akabaki na 34: faida inashuka kutoka dola 50 hadi chini ya dola 17. Kwa hiyo anayesema kwamba njama ndogo inaweza kula theluthi mbili za faida ya mtu hajatia chumvi. Shida yake ni kwamba macho hayawezi kuona tofauti ya zawadi mbili katika mashindano mia.

Nasema hayawezi kwa sababu bahati yenyewe inayumba kupita kiasi hicho. Kwa yule mchezaji wetu mzuri wa mara 36, mchepuko wa kawaida, yaani kipimo cha kutawanyika kwa matokeo yake kutoka kwenye wastani, katika mashindano 100 ni karibu dola 88, ilhali faida anayoitarajia ni dola 50. Maana yake ni kwamba mchezaji mwenye uwezo wa kweli, kwenye meza safi isiyo na njama yoyote, atamaliza mashindano 100 akiwa na hasara zaidi ya mara moja katika kila mara nne. Katika mashindano 1,000 atakutana na vipindi kama vinne hivi vya kukosa zawadi mara kumi mfululizo au zaidi. Kijana anayeniambia kwamba amekosa mara kumi mfululizo, kwa hiyo lazima wamemchezea, hajaniletea ushahidi wowote. Ameniletea Jumanne ya kawaida.

Tuingie sasa kwenye njama zenyewe. Inayotajwa zaidi ni ya kulishana chipu: marafiki wawili wanaketi meza moja, mmoja anaweka chipu zake zote mezani akiwa na karata za ovyo, mwenzake anamfuata kwa kuweka kiasi hichohicho, anashinda na kuzichukua, naye anakuwa na chipu maradufu. Watazamaji hukasirika sana wakiona hivyo. Lakini ipo kanuni ya kupima thamani ya chipu kwa fedha, ambayo wachezaji huiita ICM (Independent Chip Model). Mzizi wake uko kwenye mbio za farasi, katika kazi ya Harville ya mwaka 1973, na Mason Malmuth ndiye aliyeihamishia kwenye poka mwaka 1987. Kanuni hiyo inachukulia kwamba uwezekano wako wa kuwa wa kwanza ni sawa na sehemu yako ya chipu zote. Kisha anaondolewa aliyekuwa wa kwanza, na waliobaki wanagawana uwezekano wa nafasi ya pili kwa namna hiyohiyo, na kuendelea. Nimeandika hesabu hapa ubaoni. Kabla ya kulishana, kila rafiki alikuwa na asilimia 10 ya mfuko, jumla yao 20. Baada ya kulishana, aliyebaki na chipu maradufu ana asilimia 18.44. Wamejipunguzia asilimia 1.56 ya mfuko, ambayo ni karibu senti 78, na senti hizo wamewagawia ninyi wanane mliokuwa mnakasirika.

Ninakubali kwamba kanuni hii haijui ujanja wa mchezaji, na mtu hodari mwenye chipu nyingi anaweza kuzitumia kuwabana wengine akarudisha zaidi ya hizo senti 78. Hata hivyo mwelekeo wa hesabu hauyumbi: katika mashindano yanayolipa nafasi kadhaa, washirika wawili hufaidika chipu zinapotoka kwa aliye nazo nyingi kwenda kwa anayekaribia kuishiwa. Ukimwona tajiri wa meza anampandishia dau mwenye chipu chache, halafu anatupa karata, yaani anajitoa na kuacha alichokwisha kuweka, mara tu yule anapojibu kwa kuweka zote, na hafanyi hivyo kwa mchezaji mwingine yeyote, hapo andika jina.

Mahali penye faida kubwa zaidi kwa wala njama ni pale wachezaji wanne wanapobaki na zawadi ni tatu. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo pia watu waaminifu wanapotuhumiwa bure. Tuseme wanne hao wana chipu sawa, kila mmoja asilimia 25 ya zote, na kwa hiyo asilimia 25 ya mfuko. Wawili wanagongana kwa chipu zao zote. Atakayeshinda atakuwa na nusu ya chipu, lakini thamani yake katika mfuko itakuwa asilimia 38.33 tu, atakayeshindwa anaondoka mikono mitupu, na wale wawili waliotupa karata na kutazama watapanda kutoka 25 hadi 30.83 kila mmoja bila kugusa kitu. Waliogongana walikuwa na 50 kwa pamoja, na sasa wana 38.33. Kwa ajili hiyo anayetaka kumfuata mwenzake aliyeweka zote anahitaji uhakika wa kushinda mara 65 katika 100 hivi, hata kama kwa chipu peke yake ingetosha kushinda nusu. Mtu mwenye A (ree) na Q (malkia) zisizo za aina moja hushinda karibu mara 64 dhidi ya karata zozote mbili. Anayezitupa karata hizo nzuri, hata akijua kwamba mpinzani wake anaweka zote kwa karata zozote, amepiga hesabu yake vizuri, ingawa anayemtazama anaweza kuapa kwamba amemhurumia rafiki yake.

Ndivyo ilivyo pia pale mwenye chipu chache anapoweka zote, wawili wakamfuata, kisha hao wawili wakaacha kila mzunguko wa madau upite bila kuongeza kitu mpaka karata ya mwisho ifunuliwe mezani. Kila mmoja kati yao anafaidika yule wa tatu akitoka, na kila mmoja anajua hivyo bila kuambiwa. Hilo linaruhusiwa madamu hawajasemezana. Wakiandikiana hata neno moja la kukubaliana, wamevunja kanuni.

Tofauti basi tutaiona wapi? Mwaminifu anaogopa kugongana na kila mtu, ilhali mla njama anaogopa kugongana na mmoja tu. Chukueni mgao mmoja, yaani duru moja ya mchezo tangu karata zigawiwe mpaka apatikane wa kuchukua chipu. Madau ya lazima, yaani yale ambayo wachezaji wawili hulazimika kuyaweka kabla ya kuona karata, ni 200 na 400. Mwenye dau dogo la lazima ana chipu nyingi kuliko wote. Mwenye dau kubwa la lazima ametoa 400 na amebakiwa na 300 tu. Wengine wote wametupa karata. Mwenye chipu nyingi akiongeza 500 ili kumlazimisha yule aweke zote, anahatarisha 500 kupata 900, na inatosha ashinde mara 36 katika 100. Hata 7 na 2 zisizo za aina moja, zinazosifika kwa ubaya, hushinda karibu mara 35, na pengo hilo dogo linazibwa yule akitupa karata zake hata mara chache tu. Hakuna sababu ya kuzitupa isipokuwa mtu hajui mchezo, au intaneti imemkatikia na programu imezitupa yenyewe, jambo ambalo sisi wa Tabora na vifurushi vyetu tunalifahamu vizuri. Akizitupa mara moja, nyamaza. Akizitupa kila mara kwa mchezaji yuleyule, huku wengine wenye chipu chache akiwavamia bila kukosa, umepata kitu cha kupeleka mbele.

Ipo njama nyingine ya kumweka mtu katikati: mshirika mmoja anapandisha dau, wewe unafuata, mshirika wa pili anapandisha tena, wa kwanza naye anapandisha, mpaka unatupa karata zako, kisha mmoja wao anatupa zake na hazionyeshwi kamwe. Ni kama wanunuzi wawili wa asali waliokubaliana njiani, mmoja akataja bei ya chini na wa pili akashangaa kwamba hata hiyo ni kubwa, mpaka mrina asali anauza kwa wanavyotaka wao. Katika mashindano ya dola tano njama hii si ya kawaida, kwa kuwa inahatarisha chipu nyingi, na chipu, kama tulivyoona, ni ghali zaidi kuzipoteza kuliko kuzipata.

Kuhusu ushahidi wa kihistoria nitaenda haraka. Mwaka 2010 kampuni ya poka ya mtandaoni ya PokerStars iliwarudishia wachezaji zaidi ya dola milioni 2 baada ya kuthibitika kwamba kundi la wachezaji kutoka China lilikula njama katika mashindano ambayo nusu ya wachezaji hupata maradufu ya walichotoa na nusu hukosa kabisa. Angalieni aina ya shindano waliyoichagua. Kati ya watu 10, nafasi tano zinalipwa sawasawa, na aliye na chipu nyingi hapati hata senti zaidi ya aliyenusurika na chipu moja. Kwa hiyo kuhurumiana na kusogezeana chipu kunalipa kuliko mahali pengine popote. Walikuwa wamepiga hesabu ileile iliyo hapa ubaoni. Ile kashfa ya kampuni nyingine, Absolute Poker, ya mwaka 2007, ambayo wengi huitaja katika mazungumzo kama haya, ilikuwa kitu kingine: pale akaunti moja ilikuwa inaziona karata za wapinzani, na siri ilifichuka baada ya mchezaji aliyeomba rekodi ya migao kutumiwa faili lenye karata za wachezaji wote.

Ndugu mmoja hapo mbele anauliza afanye nini akiwa mezani na tuhuma imemwingia. Kwanza, asiandike neno la shutuma kwenye sanduku la mazungumzo, kwani akiwa sahihi atakuwa amewaonya, na akiwa amekosea atakuwa amewaambia wote kwamba hasira imempanda. Aandike majina mawili na namba za migao, amalize shindano lake, kisha aipelekee kampuni. Kampuni inaziona hata karata zilizotupwa, nasi hatuzioni. Inaona kama akaunti mbili zinatumia intaneti ya nyumba moja na zimeketi pamoja mara ngapi. Kwa sababu hiyohiyo, ndugu wawili wanaoishi chumba kimoja pale Ng'ambo wasiketi meza moja hata kama nia yao ni safi, maana katika kumbukumbu za kampuni hawatatofautiana na wezi. Anayecheza kwa kampuni yenye leseni ya Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha ana mahali pa kwenda asiporidhika na jibu. Anayecheza kwingine ajue kwamba hatima ya lalamiko lake iko kwa kampuni peke yake.

Pili, achague anapoketi. Meza moja inayojaa polepole usiku wa manane ndiyo rahisi kwa marafiki kuingia pamoja, lakini katika shindano la meza nyingi viti hugawiwa kwa kubahatisha, na washirika wawili wanaweza kucheza saa nzima bila kukutana. Tatu, akiba yake isipungue gharama ya kuingia mashindano 50, na mimi ningependelea 100, kwa sababu mwenye akiba ya mashindano kumi tu ataishiwa kwa kuyumba kwa kawaida kabla hajajua kama alikuwa mchezaji mzuri, mchezaji mbaya, au mtu aliyeibiwa.

Na atunze daftari. Safu moja iwe ya alicholipa, nyingine ya alichopata, na nyingine ya majina aliyoyatilia shaka, ili baada ya mashindano mia chache aweze kutazama kama matokeo yake mbele ya majina hayo ni tofauti na yale ya kwingine. Siku kampuni ikimrudishia fedha baada ya uchunguzi, na hutokea, fidia hiyo aiweke katika safu ya peke yake, asiichanganye na zawadi, la sivyo asilimia ya faida yake itakuwa ya uongo kuanzia mwezi huo.

Sasa niko tayari kwa maswali, na aliye na rekodi ya mgao kwenye simu yake aje nayo hapa mbele tuisome pamoja.